AE86 inakohoa nikipanda Mau Summit, naomba ushauri

Wakuu, nina Corolla AE86, injini 4A-GE, nimeifungia Megasquirt (kompyuta ya kuendesha injini) na throto nne, kila silinda na yake. Fundi aliitiuni Kisumu, mita kama 1,130 juu ya bahari, na huko inavuta raha tupu. Nikishapita Kericho kuelekea Mau Summit inaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi. Nilipofungua plagi hapa Nakuru zote zilikuwa na masizi kama sufuria ya kuni. Ajabu, nikizima na kuwasha tena kule juu inapata nafuu. Ramani ya mafuta, yaani jedwali la kompyuta la kiasi cha petroli, inafuata mkao wa throto tu.

Je, nifunge sensa ya pili isome presha ya hewa ya nje muda wote, au nitiuni upya? Fundi anasema nizoee. Nizoee, na petroli bei hii?