Mjadala: Hela ya mgonjwa iliyozidi, nani aifuate?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naomba tulijadili hili. Ukishalipa matibabu kwa hela yako, kisha bima nayo ikayalipia, hospitali ikurudishie yenyewe au uifuate wewe?

Mimi ni mwalimu. Kila mwezi nakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya, mwajiri anaongeza 3, na mama yangu yumo kama mtegemezi. Mwezi wa nne aliugua akiwa kijijini Newala, tukamfikisha hospitali moja ya huku huku Kusini, Jumamosi usiku. Mtandao wa bima ukawa unasumbua. Tukaambiwa tutangulize fedha, kadi itahakikiwa Jumatatu. Nikalipa shilingi 145,000 kwa simu. Jumatatu kadi ikakubali, nikasaini fomu ya bima ya siku zote tatu, zikiwemo mbili nilizokwisha kulipia. Huduma moja, malipo mawili.

Nilipouliza nikajibiwa: "Mwalimu, andika barua kwa mganga mfawidhi, ambatanisha risiti halisi, halafu uwe unapita kuulizia." Nimepita mara tatu. Kila safari ni nauli, na vipindi vyangu anabaki navyo mwenzangu. Risiti yenyewe ni ile karatasi laini ya mashine. Niliihifadhi ndani ya andalio la somo, lakini imefifia. Tarakimu za mwisho za namba ya malipo sizisomi mpaka niielekeze kwenye mwanga.

Rafiki yangu mhasibu anaitetea hospitali. Anasema tangu mfumo wa namba za malipo za serikali uanze mwaka 2017, fedha inaingia benki moja kwa moja, dirishani haibaki hata senti. Kuitoa kunahitaji hati ya malipo na saini za wakubwa. Hapo namuunga mkono kabisa. Sitamani turudi enzi za hela kulala kwenye droo. Ila saini ni kazi ya ofisi. Kwa nini mgonjwa ndiye azikimbize? Fomu niliyosaini wanayo, malipo yangu yamo kwenye mfumo wao, na ujumbe wa kupokea fedha ulinifikia kabla sijaondoka dirishani.

Wengine wanasema hela ibaki kama akiba ya matibabu yajayo. Hili nalipinga kwa nguvu zote. Huku kwetu hela inaonekana msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi. Hiyo 145,000 ilikuwa ya vibarua wa kupalilia mikorosho ya mama, na shamba hadi leo limejaa majani. Mimi angalau nina mshahara na najua kuandika barua. Mzee wa Nanyumbu asiyejua kusoma atamwandikia nani?

Wahasibu mliopo, nisahihisheni: ni kanuni ipi inayozuia fedha kurudi kwenye namba ya simu iliyoituma?