Naomba ushauri: mabadilishano yetu na wanafunzi wa Japani yasiishie kwenye ngoma na picha

Katibu wa Chama (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni katibu wa chama cha wanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam. Walimu wetu wamekubaliana na wenzao wa chuo kikuu kimoja cha Japani, ambako Kiswahili husomwa kama somo kuu la shahada, kwamba wanafunzi wa pande zote mbili wakutane mtandaoni kuanzia Oktoba, kisha kikundi chao kije kututembelea mwakani. Kamati yetu ndiyo iliyopewa jukumu la kupanga shughuli.

Jambo linalonikosesha utulivu ni kwamba mapendekezo yote yaliyoletwa mpaka sasa yanahusu usiku mmoja wa utamaduni: ngoma, mavazi, vyakula, hotuba na picha ya pamoja. Nina hofu kwamba wageni wataondoka na picha pamoja na Kiswahili kilichonolewa, ilhali sisi, ambao hakuna hata mmoja wetu anayejua Kijapani, tutakuwa tumewasaidia tu kufanya mazoezi ya kuzungumza. Siwaonei choyo msaada huo, kwani kuona kijana wa mbali akijifunza lugha yetu kwa bidii ni furaha kwangu, lakini naamini kwamba mabadilishano yenye faida upande mmoja hayadumu. Pia, katika mkutano wa kufahamiana, wanachama wetu wachache ndio waliozungumza karibu muda wote, na wenzetu wakabaki kimya. Naomba mnisaidie: tufanye nini ili pande zote mbili zipate, na kila mtu apate nafasi ya kusema?

Mwalimu wa Fasihi

Binti yangu, hofu yako ina msingi. Nimesimamia mabadilishano ya namna hii kwa muda mrefu, na nimeona kwamba wanafunzi wanaoambiwa “zungumzeni kuhusu utamaduni wenu” huishiwa na maneno upesi, kwa sababu hakuna mtu anayeishi ndani ya utamaduni wake kama maelezo ya kuwasomea wageni. Wape kazi moja ambayo upande mmoja peke yake hauwezi kuikamilisha, na utamaduni utajitokeza wenyewe humo ndani.

Kwa kuwa ninyi ni watu wa lugha, ningependekeza ushairi. Kiswahili na Kijapani zinafanana kwa jambo ambalo wengi hawalitambui: katika lugha zote mbili silabi nyingi huishia na irabu, na mashairi ya jadi ya pande zote mbili hujengwa kwa hesabu ya mizani, yaani silabi za mshororo. Shairi letu la tarbia lililozoeleka lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16 iliyogawanywa 8 kwa 8, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Haiku, shairi fupi la jadi la Kijapani, ina mizani 17 iliyopangwa 5, 7 na 5, wala haihitaji vina. Hata sauti ya “n” inayofunga silabi katika Kijapani huhesabiwa kuwa mizani inayojitegemea, kama sisi tunavyoihesabu “m” ya “mtu”. Kwa hiyo mwanafunzi wako asiyejua neno la Kijapani anaweza kuanza kutunga haiku kwa Kiswahili siku hiyo hiyo. Kwa mfano:

Kusi lavuma,
mashua zarejea,
jua latua.

Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza. Haiku ya jadi hutakiwa kuwa na neno linaloonyesha msimu, na wenzenu wana misimu minne yenye maneno yake yaliyopangwa tangu zamani. Sisi tuna masika na vuli, kusi na kaskazi. Mwanafunzi wa Japani atauliza kusi huleta nini moyoni mwa mtu wa pwani, na mwanafunzi wako atalazimika kufikiri kabla ya kujibu, pengine hata ampigie simu babu yake. Kisha swali hilo hilo atalirudisha kwa mwenzake kuhusu maua ya mcheri. Haiku yenyewe ilitokana na ubeti wa kwanza wa renga, utungo wa watu kadhaa wanaopokezana, huyu akitoa ubeti wa 5, 7, 5 na yule akiujibu kwa mishororo miwili ya 7 na 7. Nasi tuna desturi ya washairi kulumbana na kujibizana, ambayo imeishi kwa miongo mingi katika magazeti yetu. Tungeni renga kwa Kiswahili, halafu wageni wajaribu tarbia ya kujibizana. Kazi hiyo itawatosha kwa muhula mzima, na wenyeji wa Kiswahili nao watakuwa wanajifunza sanaa wasiyoijua, badala ya kuwa wasahihishaji wa sarufi tu.

Niliyesoma Huko

Dada, naunga mkono hoja ya Mwalimu, na ningependa kuongeza machache kuhusu ule ukimya, kwa kuwa nilisoma shahada ya uzamili nchini Japani. Usiuchukulie kuwa ni kutopenda. Darasani kule niliwaona wenzangu wengi wakisubiri waitwe kwa jina, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mara nyingi humwachia wa mwaka wa tatu aseme kwanza. Pia huchelea kukosea mbele ya watu, hasa mbele ya wenye lugha. Kwenye mkutano wa watu wengi, wepesi wa kusema watateka uwanja kila mara. Wagawe wawili kwa wawili au wanne kwa wanne, watumieni mada siku chache kabla, na kila mmoja aje na kitu alichokwisha kuandika. Vikundi visibadilishwe kila wiki, maana kuzoeana kunahitaji muda.

Kuhusu saa, Japani iko mbele yetu kwa saa sita mwaka mzima, kwa kuwa nchi zote mbili hazibadilishi saa kulingana na msimu. Saa nne asubuhi kwetu ni saa kumi jioni kwao. Andikeni muda wa nchi zote mbili, na kwa tarakimu za saa 24, ili mtu asiingie mkutanoni saa sita baadaye. Kumbukeni vilevile kwamba wao wamezoea LINE kama sisi tulivyozoea WhatsApp, kwa hiyo kubalianeni mapema mtatumia ipi.

Mwaka wao wa masomo huanza Aprili, na likizo yao ndefu ya kabla ya hapo huwa Februari na Machi. Bila shaka watapenda kuja wakati huo, lakini mara nyingi Februari wanafunzi wetu huwa katika mitihani au wakijiandaa nayo. Linganisheni kalenda kabla mtu hajanunua tiketi.

Bi. Msanifu

Mimi nitatofautiana kidogo na waliotangulia. Usiku wa ngoma usidharauliwe, kwani mwili nao hujifunza, na kuna wageni ambao hufunguka wanapopewa kazi ya mikono au ya miguu kuliko wanapopewa kipaza sauti. Kinachoharibu ni mpango wa wenyeji kucheza na wageni kukaa vitini wakipiga picha. Ondoeni jukwaa. Mwalikeni mtu anayeijua ngoma hiyo kwa malezi, awafundishe wageni na wenyeji kwa pamoja, kwa sababu wengi wa vijana wetu wa mjini nao hawaijui. Hapo mtakuwa wanafunzi nyote. Na wageni nao waandae kitu cha kufundisha. Mkiwaomba mapema hawatakataa.

Mzee wa Vibali

Katibu, kama wageni watataka kuwahoji watu kwa ajili ya tasnifu zao, hiyo ni shughuli ya utafiti, na mgeni anayefanya utafiti Tanzania anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Wasije na madodoso mikobani wakidhani viza ya matembezi inatosha. Ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chenu ndiyo ianze kulifuatilia jambo hilo, na mapema.

Katibu wa Chama

Nawashukuru sana, hasa Mwalimu, kwa mwanga wa ushairi. Jana niliwasomea wanakamati maelezo hayo na wawili wakaanza kuhesabu mizani kwa vidole papo hapo. Tumeamua kwamba vikundi vya watu wanne watunge renga hadi Desemba, na ngoma ifanyike bila jukwaa kama alivyoshauri Bi. Msanifu. Yamebaki mambo mawili. Baadhi ya wanachama wetu hawawezi kumudu vifurushi vya intaneti kwa mikutano ya video ya kila wiki. Pia wengi wanauliza: je, nasi tutakwenda kwao?

Niliyesoma Huko

Kuhusu vifurushi, utungo wa kupokezana hauhitaji video. Ubeti ni maandishi mafupi, na sauti ya mtu akiughani haizidi dakika moja. Kutaneni kwa video mara moja kwa mwezi, mkitumia maabara ya kompyuta ya chuo kama inapatikana, na kazi nyingine yote ifanyike kwa ujumbe.

Kuhusu safari, tazameni kama vyuo vina mkataba rasmi wa kubadilishana wanafunzi. Pakiwa na mkataba, chuo cha Japani kinaweza kuwaombea wanafunzi wenu ufadhili wa muda mfupi wa JASSO, shirika la Japani la huduma kwa wanafunzi, ambao ni yeni 80,000 kwa mwezi na unaweza kutolewa hata kwa ziara fupi ya kuanzia siku nane. Bila mkataba hamtafika mbali, kwa hiyo ombeni walimu walizungumze sasa, wakati hamu ya pande zote mbili bado ni kubwa. Kwa upande wa viza, ubalozi wa Japani hutaka mwenyeji aandike barua ya mwaliko, barua ya dhamana na ratiba ya kila siku ya ziara. Nyaraka hizo huandaliwa kule, na huchukua muda.

Mwalimu wa Fasihi

Nyongeza moja, binti yangu, kabla hamjaanza. Kubalianeni kwa maandishi kwamba tungo ni mali ya kikundi kizima, kwamba kila ubeti utabeba jina la aliyeutunga, na kwamba hakuna atakayeuchapisha wala kuusahihisha bila ridhaa ya mwenyewe. Vivyo hivyo kwa picha na rekodi za sauti. Mkiwa tayari na beti za kwanza, zileteni hapa. Ningependa sana kuzisoma.