Naomba ushauri: bethdei ya mtoto na wakwe wa Kimalay

Habari wadau. Mimi Mtanzania nimeolewa huku Malaysia, tunakaa Shah Alam. Jumamosi binti yetu anatimiza miaka 5, kashughuli kadogo tu ka familia, watu kama 20 hivi, ila mama mkwe kashasema bila pulut kuning hiyo sio bethdei. Kwa msioijua ni ule mchele unaonata, unaloweka na manjano usiku kucha halafu unapika kwa mvuke na tui la nazi, unaliwa na rendang ya nyama, yaani nyama iliyopikwa taratibu na tui na viungo mpaka ikakauka. Nasi lemak naimudu, ukiiangalia ni wali wa nazi wenye majani ya pandan ya kunukisha, na satay ni mishkaki tu jamani sema inachovywa kwenye mchuzi wa karanga. Shida ni hiyo pulut, nimejaribu mara mbili, ya kwanza ikawa bokoboko ya pili ikabaki na kiini. Tui mnatia lote mwanzoni au kidogokidogo ikishaanza kuiva? Na rendang nikiipika Ijumaa italala vizuri? Alafu sambal ya dagaa (ile rojo ya pilipili) kwa watoto nipunguze pilipili au nitenge yao kabisa? Nisaidieni mapema, mama mkwe anafika Ijumaa asubuhi na jikoni haniachii nafasi ya kukosea.