Usawa wa mtandao Marekani umezikwa, na wachezaji gemu bado wanapigia makofi megabiti

Wakuu, huu uzi ni wa hasira. Kila usawa wa mtandao, yaani kanuni kwamba kampuni ya intaneti isibane wala kupendelea huduma yoyote halali, ukitajwa hakosi mtu wa kuuliza: "Sheria zilifutwa, mbona intaneti haijafa?" Swali hilo limejibiwa mara nyingi, ila wanaouliza hawasomi majibu.

Tarehe kwanza, maana watu wanabishana bila kuzijua. Mwaka 2015 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilikataza kampuni za intaneti kuzuia tovuti halali, kubana spidi ya huduma fulani, au kupokea hela ili huduma fulani ipitishwe kwanza. Desemba 2017 FCC hiyohiyo, chini ya mwenyekiti wake wa wakati huo, Ajit Pai, ikapiga kura kuzifuta sheria hizo, na Juni 2018 zikakoma. Aprili 2024 zikarudishwa kwa kura 3 dhidi ya 2. Hazikufanya kazi hata siku moja: Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita ilizisimamisha kabla hazijaanza, na tarehe 2 Januari 2025 ikazitupilia mbali. Hoja yake ni kwamba kisheria intaneti ni "huduma ya habari" na siyo "huduma ya mawasiliano", kwa hiyo FCC haina meno. Waya ni uleule, pakiti (vipande vidogo vya data) ni zilezile, lakini jina limegeuzwa 2015, 2017, 2024 na 2025. Mteja anapangaje maisha yake hapo?

Na kwa nini intaneti haikufa? Sababu moja ni California. Jimbo hilo lilipitisha sheria yake, SB 822, mwaka 2018, na Januari 2022 mahakama ya rufaa ikakataa kuizuia. Kampuni yenye wateja nchi nzima haina hamu ya kuendesha mtandao mmoja kwa kanuni mbili. Yaani wakazi wa majimbo mengine wamekuwa wakijikinga chini ya mwavuli wa jirani, kisha wanasema mvua haikunyesha.

Sasa ninyi wa "nina megabiti 500, sijali". Gemu la mtandaoni halili data. Ukicheza saa nzima, mara nyingi hufiki hata megabaiti 200. Linachotaka ni pakiti ndogondogo za UDP (utumaji wa haraka usiosubiri uthibitisho), makumi kwa sekunde, zifike kwa wakati na kwa mpangilio usioyumba. Pingi, yaani milisekunde ambazo pakiti hutumia kwenda kwenye seva na kurudi, ikiwa 60 na ikabaki 60, unacheza vizuri tu. Ikienda 30, 110, 45, 160, umeshapigwa kabla hujamwona adui, hata kama kipimo cha spidi kinasoma megabiti 900. Zikipotea pakiti mbili tatu katika kila mia, mhusika wako anaanza kurukaruka, kwa sababu UDP yenyewe hairudishi kilichopotea. Kwa hiyo anayetaka kukuumiza hahitaji kukugusa megabiti zako. Anakuweka nyuma ya foleni, basi.

Hapo ndipo penye uchafu. Kipaumbele kina thamani pale tu njia inapojaa. Njia ikiwa nyeupe, wa kwanza na wa mwisho wanapita pamoja. Anayeuza kipaumbele, basi, anapata faida msongamano ukibaki. Akipanua njia, bidhaa yake imekufa. Ndiyo maana sheria za 2024 zilifafanua kwamba hata kuharakisha huduma moja kwa upendeleo kunaweza kuhesabika kuwa kubana nyingine. Kipengele hicho kilimhusu mchezaji gemu kuliko vyote, nacho kimeondoka na vingine. Siku mkiuziwa "kifurushi cha gemu" cha dola kadhaa juu ya bili, jiulizeni foleni imetengenezwa na nani.

Msiniambie ni nadharia. Mwaka 2011 Rogers, kampuni ya intaneti ya Kanada, ilikiri kwamba mitambo yake ya kubana watumiaji wa BitTorrent (njia ya kugawana mafaili) ilikuwa inalibana gemu la World of Warcraft pia, kwa sababu ilishindwa kutofautisha pakiti. Hakukuwa na njama yoyote, na wachezaji waliumia vilevile. Korea Kusini, ambako majukwaa hutozwa ada za mtandao, Twitch, jukwaa la kurusha gemu mubashara, ilifunga huduma Februari 2024 ikisema ada hizo ni karibu mara kumi ya nchi nyingine nyingi.

Niwe mkweli kwa jambo moja: ukomo wa data haukupigwa marufuku na sheria hizi, wala 2015 wala 2024. Gemu moja kubwa linapita gigabaiti 100 kulipakua, na masasisho yake yanakuja bila hodi. Hilo ni vita nyingine.

Kabla ya kulaumu, pima. Chomeka waya, achana na Wi-Fi. Zima upakuaji wote ndani ya nyumba. Tuma pingi 100 kwa ruta yako, kisha 100 kwa seva ya gemu. Kwenye Windows ni ping -n 100, kwenye Mac na Linux ni ping -c 100. Ruta yenyewe ikiyumba, tatizo ni la kwako. Pingi ikipanda pale tu mtu anapopakia video, hiyo ni ruta au modemu inayolundika pakiti. Washa SQM (mpangilio wa ruta unaozuia foleni ya pakiti) kama ruta inayo na uweke kikomo kwenye asilimia 85 hadi 90 ya spidi halisi. Vyote vikiwa sawa, endesha mtr au WinMTR, programu zinazopima kila kituo (ruta) ambacho pakiti hupitia, kuelekea seva, alfajiri na saa mbili usiku, siku kadhaa.

Na tafadhali, msilete tena picha zenye "upotevu asilimia 60" kwenye kituo cha nne huku vinavyofuata vyote ni sifuri. Ruta nyingi za njiani hupuuza pingi kwa makusudi. Upotevu wa kweli huanzia mahali na kuendelea hadi mwisho. Ukianzia pale kampuni yako inapokabidhi pakiti kwa mtandao mwingine, na usiku tu, kiungo hicho kimejaa. VPN, ambayo hupitisha pakiti zako njia nyingine, ikishusha pingi saa hiyohiyo, umepata ushahidi wa pili kwamba njia ndiyo mbovu, ingawa bado haujathibitisha nia.

Malalamiko ya kawaida FCC ni bure, na kampuni ikishapelekewa ina siku 30 za kujibu. Usiandike "intaneti mbovu". Andika saa, anwani ya seva, asilimia ya upotevu na kituo ulikoanzia, kisha weka pembeni takwimu ya ucheleweshaji iliyo kwenye lebo ya huduma, ambayo kampuni kubwa zinalazimika kuionyesha tangu Aprili 2024.

Wenye vipimo viwekeni hapa, vya usiku na vya alfajiri pamoja. Picha ya kipimo cha spidi peke yake sitaijibu.