Nani bingwa wa jazi: Armstrong, Parker au Miles?

Mpiga ganuni, Malindi: Jamani, jana baada ya mazoezi tulikesha barazani tukibishana. Mimi ubingwa nampa Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa Marekani. Kabla yake jazi ilikuwa zaidi ya kundi zima kupiga kwa pamoja. Rikodi zake za 1925 hadi 1928 zikampa mpulizaji mmoja nafasi ya kusimulia peke yake. Sisi wa taarabu hilo tunalijua, si ndiyo takasimu hiyo, mpigaji mmoja kubuni muziki peke yake papo hapo? Nyinyi mwasemaje?

Kijana wa Mlandege: Shikamoo maalim. Armstrong kafungua mlango, sikatai. Lakini Charlie Parker, yule wa saksafoni! Kafa 1955 na miaka 34 tu, na hadi leo wapiga saksafoni wanahangaika na mbio zake.

Bibi wa Ng'ambo: Mbio si muziki, mwanangu. Msikilize mpiga tarumbeta Miles Davis kwenye santuri yake ya 1959, Kind of Blue: noti chache, kimya kingi.

Mpiga ganuni, Malindi: Bibi, kimya hicho mimi chanitia usingizi! Ila John Coltrane, aliyempigia Miles saksafoni kwenye santuri hiyohiyo, yule angekaa na udi wetu asipotee. Armstrong simshushi lakini.