Mrejesho: Nilijiunga na kampuni ya ukaguzi wa hesabu Kisumu

Wadau, niliuliza kama mhitimu anaweza kufanya ukaguzi huku akisomea CPA, yaani cheti cha kitaaluma cha uhasibu. Inawezekana, ila mtihani wa Aprili usahau. Wakati huo tuko nje ya ofisi kwa ukaguzi: leo sacco Siaya, kesho ghala Busia tukihesabu magunia na kulinganisha vitabu na taarifa za benki. Mimi nimelenga mitihani ya Agosti na Desemba ya KASNEB, bodi inayotahini CPA. Juni pia ni moto kwa sababu kuwasilisha ritani (taarifa za kodi za mwaka) kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hufungwa tarehe 30.

Mshahara wa kuanzia ni mdogo, sitawaficha. Lakini mkuu wangu hukaa nami na kunieleza kwa nini risiti fulani inatiliwa shaka, na hilo nalithamini mno. Asanteni sana mlionisukuma.