Tiki moja, kupanga 1 hadi 5, au majaji: ipi ifae tuzo za klabu ya filamu Arusha?

Dada_wa_Sakina
Wakuu, habari za jioni. Klabu ya filamu hapa mjini ina wanachama 40 wenye haki ya kupiga kura. Vipengele ni saba, kila kimoja wateule watano. Kanuni za tuzo zinaandikwa upya na ubishi umekwama kwenye Filamu Bora. Mezani kuna njia tatu:

(a) kila mtu tiki moja, mwenye nyingi anabeba;
(b) kila mtu anapanga filamu zote tano, 1 hadi 5;
(c) majaji watano wanatoa alama chini ya 100.

Wapo pia wanaotaka mashabiki wapige kura kwa simu. Naomba mnilinganishie, ila mje na hesabu. "Hii ndiyo ya kisasa" siipokei.

Mhesabu_wa_Njiro
Tuweke (a) na (b) kwenye karatasi zilezile ili tofauti ionekane kwa macho. Filamu A hadi E, kura 40. Chaguo la kwanza limetoka hivi: A 14, B 9, C 8, D 6, E 3.

Kwa tiki moja, A imeshinda, fungueni soda. Lakini 14 kati ya 40 ni asilimia 35. Watu 26 walitaka filamu nyingine.

Sasa kwa kupanga. Mshindi lazima avuke nusu, yaani afike 21. Hakuna aliyefika, basi wa mwisho anatoka.

E inatoka. Karatasi zake 3 zinasomwa chaguo la pili: 2 zinahamia C, 1 inahamia B. Tuna A 14, B 10, C 10, D 6.

D inatoka. Karatasi 6: C inapata 4, A moja, B moja. Tuna A 15, C 14, B 11.

B inatoka. Karatasi 11: C inapata 8, A inapata 2, na moja inafia njiani kwa sababu mwenyewe aliandika B tu akaacha kwingine wazi. C 22, A 17.

C, iliyoanza ya tatu, ndiyo Filamu Bora, na hakuna aliyeiba kura. A ilikuwa na mashabiki wa damu, lakini wengi waliobaki waliiweka chini. C iliwekwa ya pili au ya tatu na watu wa kila kambi. Kwa hiyo mkae muamue kwanza tuzo yenu inamtafuta nani: mwenye kambi kubwa, au anayekubalika kambi zote? Mkishajibu hilo, njia ya kuhesabu inajichagua yenyewe.

Oscars wanapanga hivi kwa Filamu Bora tangu sherehe ya 2010, walipopanua wateule kutoka watano hadi kumi. Sababu iko wazi: filamu kumi kwa tiki moja, mtu anaweza kubeba sanamu kwa asilimia kumi na kitu.

Kibanda_Umiza
Hesabu safi mkuu, ila malizia sentensi. Ni Filamu Bora TU wanayoipanga. Mwigizaji, mwongozaji, sauti, mavazi, raundi ya mwisho yote ni tiki moja. Kama wao wenye wapiga kura wapatao elfu kumi hawajisumbui, klabu ya watu 40 ipange vipengele saba vyote ya nini? Ukumbi utalala.

Mhesabu_wa_Njiro
Hapo sikupingi. Filamu Bora kwa kupanga, vingine tiki moja. Karatasi 40 wanazimaliza watu watatu kwenye meza moja: mmoja anasoma, wa pili anaweka kwenye fungu, wa tatu anaandika idadi ya kila raundi.

Makosa yanayoharibu ni mawili. La kwanza, kuhamisha karatasi kwa filamu iliyokwisha kutoka. Karatasi ya D ikiwa na E nafasi ya pili, na E ilishatolewa, ruka usome ya tatu. La pili, kuhesabu kwa vijiti ubaoni badala ya kusogeza karatasi zenyewe. Ukikosea kijiti kimoja raundi ya pili huwezi kurudi nyuma, lakini mafungu ya karatasi unayahesabu upya muda wowote. Kila raundi, jumla ya mafungu pamoja na zilizofia njiani iwe 40. Ikija 39, simameni hapohapo muitafute.

Pasua_Moshi
Mnajadili mshindi, lakini wateule watano mnawapataje? Huko ndiko fitina inakoanzia.

Oscars, kila tawi linateua watu wake: wapiga picha wanateua wapiga picha, wahariri wahariri, waigizaji waigizaji. Raundi ya mwisho wanachama wote wanapigia vipengele vyote. Ndiyo maana wingi wa uteuzi haukuambii nani atashinda. Mafundi wa tawi wanaheshimu kazi, ukumbi mzima unapenda filamu. Killers of the Flower Moon mwaka 2024 iliteuliwa mara 10 ikaondoka mikono mitupu. Emilia Pérez 2025 iliteuliwa mara 13, ikapata 2. Anora usiku huohuo: uteuzi 6, tuzo 5, na Filamu Bora ikiwemo. Waliojaza mkeka kwa kuhesabu uteuzi, mkeka ulichanika.

Kwenye uteuzi wana kiwango cha kufikia. Chukua karatasi halali, gawa kwa nafasi jumlisha moja, kisha ongeza moja. Mfano zimerudi 36 na nafasi ni 5: 36 gawa kwa 6 ni 6, ongeza 1, kiwango ni 7. Kwa nini 7? Kwa sababu watu sita hawawezi wote kufika 7, ingehitaji kura 42. Ukifika 7 umeteuliwa, hakuna mjadala. Faida yake ni kwamba kundi dogo linaloipenda filamu kwelikweli linaweza kuipenyeza, hata kama wengine hawaijui.

Kwenu matawi hayafai. Klabu yenye watu wa sauti wanne, hao wanne watateuana. Teueni wote, ila kila mtu apange majina matano.

Mzee_wa_Majengo
Salaam vijana. Naona (c) mmeiruka, nayo ndiyo yenye mtego mkubwa.

Majaji watano, filamu X na Y. Wanne wanatoa X 80, Y 76. Wa tano anatoa X 40, Y 90. Jumlisheni: X ina 360, Y ina 394. Y imeshinda ilhali majaji wanne kati ya watano waliona X ni bora. Mtu mmoja mwenye kalamu nzito amewashinda wanne waungwana. Na si lazima awe na hila. Kuna mtu kwake 70 ni pongezi, na kuna mtu kwake 70 ni tusi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza: futa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa kwa kila filamu, chukua wastani wa tatu zilizobaki. Hapo X inabaki na 80, Y na 76. Ya pili, ninayoipenda zaidi: alama zitumike kumsaidia jaji kufikiri tu, na anachokabidhi kiwe mpangilio wa kwanza hadi wa tano.

Msidhani majaji ni njia ya washamba. Kwenye tamasha la filamu la FESPACO kule Ouagadougou, Burkina Faso, tuzo kuu, farasi wa Yennenga, inatolewa na jopo, na kwenye tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, Jahazi la Dhahabu pia ni la jopo. Jopo linakaa, linatazama filamu zote, linabishana. Filamu isiyo na fedha ya kujinadi inapata nafasi hapo. Mwaka 2019 farasi wa dhahabu alikwenda Rwanda, kwa Joël Karekezi. Ila jaji mwenye mkono kwenye filamu yoyote, hata kama alikopesha taa tu, atoke kwenye kipengele hicho chote. Kutoipigia filamu yake hakutoshi, maana bado anaweza kuwashusha wapinzani.

Dada_wa_Sakina
Shikamoo mzee. Hilo la kukopesha taa limegusa karibu nusu ya klabu.

Mzee_wa_Majengo
Marahaba binti. Basi leteni majaji kutoka Moshi, nanyi mkawahukumie wao.

Kaloleni_Kati
Kura za simu kwa kifupi: mwenye laini nne ana kura nne, na mwenye binamu wengi ni mshindi. Kama mnataka watu wachangamke, wekeni tuzo moja ya Chaguo la Mashabiki, jina lake tofauti, na isiguse nyingine. Hata AMVCA, tuzo za filamu na televisheni za Afrika, hugawa: baadhi ya vipengele mashabiki, vingine jopo.

Kijenge_Juu
Mimi niongeze upande wa bahasha, maana mnaweza kuhesabu vizuri mkaaibika jukwaani.

Tarehe 26 Februari 2017 La La Land ilitangazwa Filamu Bora na watu wakaanza kushukuru, kumbe mshindi ni Moonlight. Kura zilihesabiwa sawasawa. Tatizo lilikuwa seti mbili za bahasha, kila upande wa jukwaa seti moja. Ya Mwigizaji Bora wa Kike ikafunguliwa upande mmoja, na pacha wake akabaki mkononi mwa mhesabu upande wa pili. Mhesabu akakabidhi hiyo pacha. Ndani iliandikwa Emma Stone, La La Land. Na jina la kipengele kwenye kadi lilikuwa chini kabisa kwa herufi ndogo, hivyo msomaji akashangaa, mwenzake akasoma jina la filamu aliloliona.

Mwaka uliofuata wahasibu walipigwa marufuku simu nyuma ya jukwaa, na mhasibu wa tatu akakaa chumba cha kuongozea matangazo akiwa na orodha nzima kichwani.

Kwenu: seti moja tu. Kadi iwe na jina la KIPENGELE juu kwa herufi kubwa, chini yake mshindi. Nje ya bahasha rudieni kipengele na namba ya zamu yake kwenye ratiba. Mtu mmoja aliyehesabu aketi safu ya mbele na orodha kamili, na mshereheshaji amjue kwa sura. Likisomwa jina lisilo lake, asimame palepale, asisubiri hotuba. Na bahasha zifungwe jioni ileile ya kuhesabu. Desturi ya kuzifunga yenyewe ilianza 1941, kwa kuwa mwaka wa nyuma yake gazeti la Los Angeles lilichapisha washindi kabla ya sherehe.

Kibanda_Umiza
Na mkifungana? Kila mtu nusu sanamu?

Mhesabu_wa_Njiro
Oscars wakifungana wote wanapewa. Katharine Hepburn na Barbra Streisand mwaka 1969, kisha 2013 kwenye uhariri wa sauti, Skyfall na Zero Dark Thirty. Kwa tiki moja na watu 40 mtafungana mara nyingi, chongesheni kinyago cha akiba.

Kwa kupanga, hatari ni kufungana mkiani. Rudi kwenye mfano wangu: B na C zilikuwa 10 kwa 10. Hapo zilikuwa salama kwa sababu D ilikuwa chini yao. Zingekuwa za mwisho zote mbili, nani angetoka? Ukimtoa C, mshindi halisi amekufa. Hakuna kanuni ya kumwokoa kila mtu, ila iandikeni mapema pasiwe na ubishi: anatoka mwenye chaguo la kwanza chache (hapa angekuwa C, 8 kwa 9), na wakilingana hata hapo, shilingi irushwe mbele ya mashahidi wawili.

Dada_wa_Sakina
Kuna jambo linanisumbua. Kati ya filamu zinazoshindana ipo ya Kimaasai isiyo na maandishi ya tafsiri. Nina hakika wengi hawakuimaliza. Kwenye kupanga wataitupa ya tano bila kuiona.

Pasua_Moshi
Oscars nao walikuwa na ugonjwa huo. Aprili 2025 walitangaza kwamba mwanachama ambaye hajatazama wateule wote wa kipengele hapigi kura ya mwisho kwenye kipengele hicho. Kwenu ni rahisi kuliko kwao: daftari la mahudhurio mlangoni, saini kwa kila filamu, na maonyesho mawili kwa kila moja, Jumamosi jioni na katikati ya wiki. Asiye na saini tano hapewi karatasi ya Filamu Bora, vingine anapiga kulingana na alivyoona. Na mwenye filamu apewe wiki mbili aweke maandishi ya Kiswahili. Yakiletwa kama faili la pembeni, lijaribuni kwenye kompyuta na projekta mtakayotumia siku yenyewe. Kasi ya picha kwa sekunde ikitofautiana, 24 na 25, maandishi yataonekana sawa mwanzoni kabisa, na dakika ya arobaini yameachwa nyuma au yametangulia zaidi ya dakika nzima.

Kibanda_Umiza
Halafu mshindi anakwenda Oscars moja kwa moja 😂

Pasua_Moshi
Cheka tu. Njia ya huko, kwenye kipengele cha Filamu Bora ya Kimataifa, ni nyingine kabisa: kila nchi inapeleka filamu moja, inayochaguliwa na kamati ya nchi, ioneshwe sinema ya kulipia siku saba mfululizo, na zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe Kiingereza. Tanzania ilipeleka Maangamizi mwaka 2001, kisha kimya hadi 2022, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Zote mbili hazikuingia tano bora. Ile ya Kimaasai kwa lugha inafaa. Siku saba za sinema ndizo za kutafuta.

Dada_wa_Sakina
Nimeandika: Filamu Bora kupanga, sita zilizobaki tiki moja, bahasha seti moja. La mwisho: karatasi mbovu nizitambueje?

Mhesabu_wa_Njiro
Yenye "1" mbili imeharibika, weka pembeni kabla hata ya kuhesabu nusu. Yenye 1, 2, 4 ni halali, hiyo 4 isome kama ya tatu. Yenye "2" mbili ni halali hadi chaguo la kwanza litakapotoka, baada ya hapo imefia njiani. Yenye tiki badala ya namba, ikiwa tiki ni moja, ihesabu kama 1. Msirudishe karatasi kwa mwenyewe arekebishe, hata akiwa amekaa pembeni yenu, maana mkimrudishia mmoja siri ya kura imekwisha. Na iwe kalamu ya wino, penseli zikusanywe mlangoni.